Mshona Kofia

Watu wengi huvaa kofia ya darizi bila kujua kwamba wamejitwika hesabu kichwani. Kichwa cha mtu mzima, ukikizungushia futi ya fundi cherehani juu kidogo ya masikio, aghalabu hutoa sentimita 57 hivi. Kofia yenyewe ina vipande viwili tu: duara la juu na ukanda wa pembeni. Ukanda sharti ulingane na mzunguko wa kichwa, na duara sharti lilingane na ukanda, ama sivyo kofia itapwaya au itajikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Mwanafunzi wa darasa la saba anayekumbuka ile 22 juu ya 7 atakuambia kwamba duara hilo litakuwa na kipenyo cha sentimita 18 na kidogo. Hapo bado hatujagusa maua. Ukitaka ukanda wa sentimita 57 ujae maua yenye upana wa sentimita 4 kila moja, utapata maua 14, na sentimita moja itabaki haina pa kwenda. Ua la mwisho litakatika, au pengo litaonekana kisogoni, na kila anayesali safu ya nyuma ataliona.

Nimeanza na hesabu kwa sababu nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na pia kwa sababu nimechoka kusikia kazi hii ikiitwa kazi ya kupitishia wakati. Katika chuo cha ualimu nilichosomea, kushona na kudarizi kulikuwa kwa wasichana, na jiometri ilikuwa kwetu sote, lakini kwa namna ambayo kila mtu alielewa kwamba jiometri ndiyo akili na darizi ni mikono. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitutaka tuunganishe mikono na akili. Tuliunganisha kwa jembe. Sindano tuliiacha palepale ilipokuwa.

Kwa asiyepata kuiona kofia ya mkono ikishonwa, nieleze kidogo. Hutafutwa kitambaa cheupe cha pamba, kizito kiasi, nacho hukunjwa tabaka mbili ili kofia ipate kusimama. Mchoro hupigwa kwa penseli. Kisha kila nukta ya mchoro hutobolewa kwa sindano nene, na ukingo wa kila tundu huzungushiwa uzi, mshono mmoja ukibanana na mwenzake, kama vile fundi anavyoshonea tundu la kifungo cha shati. Matundu hayo, mamia kwa mamia, ndiyo yanayofanya maua, nyota, mawimbi na majani. Hakuna rangi. Nyeupe hushonwa juu ya nyeupe, na kinachoonekana ni kivuli tu kilichoingia ndani ya tundu. Mwanamke anayeshona baina ya kupika, kuchota maji na kulea watoto huchukua wiki nyingi kumaliza kofia moja, na iliyo na kazi nzito huchukua miezi. Ikishamalizika hufuliwa, hutiwa wanga, huvikwa juu ya bakuli lililopinduliwa, na hukauka ikiwa na umbo litakalodumu.

Sanaa hii ni ya pwani. Utaikuta Lamu, Mombasa, Unguja na Komoro. Waliokwenda Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita watu wake warudi, walikwenda na kofia zao na wanawake wanaojua kuzishona, na leo kofia hiyo imo katika vazi la taifa la Waomani. (Jina wanaloiita huko sitaliandika hapa, maana kwa Kiswahili halitamkiki mbele ya wakwe.) Huku kwetu bara iliingia kwa miguu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na Kilimatinde, ambayo leo imo katika Wilaya ya Manyoni mkoani Singida, ilikuwa mahali pa kituo hata Wajerumani wakajenga boma lao. Pamoja na marekani na kaniki na ushanga, ilikuja kofia. Nilipokuwa mtoto, mzee wa Kinyaturu aliyetaka kuonekana mtu wa maana barazani aliivaa, awe Mwislamu au asiwe. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kusali kila siku, ameonekana katika picha nyingi akiwa na baraghashia yake, na sidhani kama kuna Mtanzania aliyeshangaa. Mimi ni Mlutheri na ninazo mbili.

Zote mbili alizishona mwanamke mmoja wa Singida mjini, na ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Nilihamishiwa mjini mwaka 1976. Kwa kuwa nilikuwa na jukumu la sare za wanafunzi, mtu wa kwanza niliyefahamiana naye nje ya shule alikuwa fundi cherehani mmoja aliyeketi barazani mwa nyumba yake, akishona kaptula za kaki na sketi za bluu tangu asubuhi hadi magharibi. Alikuwa ametoka Bagamoyo miaka mingi kabla ya hapo. Juu ya mlango alikuwa na ubao wenye jina lake, na chini ya ubao, kwenye kamba, zilining'inia kofia nne au tano. Mji mzima uliziita kofia za Fundi. Watu walizifuata kutoka Manyoni na Kiomboi. Bwana harusi aliyekosa kofia ya Fundi alionekana amepunguza kitu.

Nilipomsifu, yule bwana alisimamisha cherehani na kunitazama juu ya miwani yake. Akasema, "Mwalimu, mimi nashona kaptula. Hizi ni za ndani."

Alikuwa mtu mkweli, na nataka hilo lieleweke. Hakumnyang'anya mkewe sifa. Kila aliyeuliza alijibiwa vivyo hivyo, kwamba ni za ndani. Tatizo ni kwamba neno hilo liliwatosha watu. Walilipokea kama mtu anavyopokea habari kwamba chapati zimetoka jikoni, wakalipa, wakaondoka. Mimi nilikuwa na sababu ya kuuliza zaidi, nayo ilikuwa ile sentimita moja inayobaki. Nilikuwa nimezigeuzageuza zile kofia kamba nzima nikitafuta ua lililokatika au pengo lililofichwa kwenye mshono, na sikuliona. Nikamwomba fundi anipatie nafasi ya kumuuliza mkewe jinsi anavyogawanya.

Ilichukua majuma matatu. Siku ilipofika niliketi ukumbini na fundi mwenyewe, na mama yule akatoka na kukaa kwenye mkeka karibu na mlango wa ndani, mtandio umefunika kichwa vizuri, kasha la bati mapajani. Alinizidi umri kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwalimu. Nimeambiwa unataka kujua ninavyohesabu."

"Ndiyo, mama."

"Sihesabu," akasema. "Nakunja."

Akafungua kasha. Ndani mlikuwa na karatasi za mifuko ya saruji zilizokatwa kwa mkasi, nyingine ndefu kama utepe, nyingine duara, na zote zimejaa mikunjo na matundu ya sindano. Alichukua utepe mmoja mpya, akamfanyia ishara mumewe, na fundi akanizungushia kichwani na kuukata penye mwisho wake. Huo ulikuwa ukanda wangu. Mama akaukunja mara mbili, tena mara mbili, tena, na tena. Alipoufungua ulikuwa na vyumba 16 vilivyolingana. Akachukua mwingine, akaukunja kwanza sehemu tatu kwa kuupapasa kwa kidole, halafu kila sehemu mara mbili na tena mara mbili. Vyumba 12. "Maua madogo, huu," akasema akiusukuma wa kwanza. "Maua makubwa, huu." Duara nalo alilikunja nusu, kisha nusu hiyo akaikunja mara tatu, na lilipofunguka lilikuwa na petali sita.

Nilikaa kimya kwa muda. Mimi nilikuwa nikichukua ua na kuuliza linaingia mara ngapi katika kichwa cha mtu. Yeye alichukua kichwa cha mtu na kukiuliza kinataka maua ya ukubwa gani. Kwa njia yangu baki haiepukiki ila kwa bahati. Kwa njia yake baki haipo, maana karatasi inayokunjwa haiachi kitu nje. Na kwa kuwa vichwa havilingani, kila kofia yake ilikuwa na maua ya ukubwa wake, tofauti ya nukta chache za sentimita ambazo jicho halizioni lakini kofia huzijua. Kuanzia muhula uliofuata nilifundisha sehemu kwa vipande vya karatasi vya kukunja, na watoto wa darasa la nne waliokuwa wakilia mbele ya theluthi na robo waliacha kulia. Nilipowaambia kwamba njia hiyo nimefunzwa na mke wa Fundi, walicheka. Walidhani ninafanya mzaha.

Nilirudi nyumbani kwao mara nyingi miaka iliyofuata, kwa kuwa mke wangu naye alizoeana naye. Nilikuja kufahamu kwamba michoro haikuwa ya kurithi yote. Mama yake alimfundisha mitatu huko Bagamoyo. Iliyobaki aliitunga mwenyewe hapa Singida, na ukiitazama utaona: kuna mmoja wa ukoka, kuna mmoja wa mbegu za alizeti zilivyojipanga usoni mwa ua lake, jambo ambalo hakuna mtu wa pwani ya enzi zake angelichora kwa kuwa hakuwa analiona kila kukicha kama sisi. Alitunga kwa kukaa. Aliweza kushinda na karatasi tupu siku mbili, halafu akaitoboa yote kwa saa moja.

Miaka ya mwanzo ya themanini, wakati maduka yalipokuwa matupu na watu wakipanga foleni ya sabuni, uzi mweupe ulikuwa adimu kuliko sukari. Alifumua mifuko ya kitambaa iliyokuja na unga, akausokota uzi wake pajani kama wanawake wa Kinyaturu walivyomwonyesha, akaendelea. Kofia za miaka hiyo zina weupe wa maziwa yaliyokaa. Mimi nazipenda kuliko zote.

Baadaye alikuja mfanyabiashara kutoka mji mkubwa, akanunua kofia zote zilizokuwa kwenye kamba bila kupunguziwa bei. Baada ya mwaka na nusu hivi, sokoni Singida zilionekana kofia za mashine zenye ua lile lile la alizeti. Sina ushahidi wa kupeleka popote, na ua si ng'ombe mwenye chapa. Nilinunua moja nikampelekea, nikiwa na hasira kwa niaba yake. Aliigeuza, akaizungusha, akafika kwenye mshono wa nyuma na kuanza kucheka hadi machozi. Kulikuwa na maua 14, na la kumi na tano lilikuwa nusu.

"Kachukua ua, mwalimu," akasema. "Mkunjo kauacha."

Sizilaumu kofia za mashine. Kijana asiye na fedha anastahili kofia siku ya Idd, na iliyo safi inatosha. Ninalolilalamikia ni jingine. Nimekuwa nikijiuliza jina la mtu hushika wapi, na nimeona kwamba hushika penye mahali pa kulibandika. Tazama Siti binti Saad. Kabla hajawa mwimbaji alichuuza vyungu mjini Unguja, vyungu vilivyofinyangwa nyumbani kwao Fumba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sahani za santuri zina karatasi katikati yenye jina. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Sauti yake ilistahili yote hayo na zaidi. Lakini vile vyungu vilipikiwa wali na samaki vikavunjika, na hakuna aliyeuliza mkono uliovifinyanga. Edward Saidi Tingatinga, aliyekufa mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 40 tu, alipaka rangi za baiskeli juu ya ubao na kuandika jina lake pembeni. Leo hata asiyejua kwamba alikuwa mtu hulitaja jina lake anaponunua picha.

Kitambaa ni kigumu zaidi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, lakini jina la kanga ni maneno yake. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianzisha biashara yake mwaka 1887, na wanawake wa pwani nzima walijua kanga nzuri kwa kusoma pembeni "Mali ya Abdulla". Ni halali yake, alikuwa mwenye mali. Lakini aliyechora korosho ile, aliyeamua wekundu ukutane na weusi pale, hayumo. Zamani kanga nyingi zilichapwa Ulaya, Helmond katika Uholanzi ikiwa mahali pamoja, na baadaye Wachina wakatusaidia kujenga kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968. Wachoraji walikuwapo kote huko, na nguo hazikuwataja.

Wala si kwetu tu. Marekani kulikuwa na mwanamke mweusi, Mildred Blount, mtunga kofia hodari. Alibuni kofia za filamu ya Gone with the Wind ya mwaka 1939, filamu iliyotazamwa dunia nzima. Jina lililoonyeshwa kwa ajili ya kofia ni la nyumba ya biashara aliyoifanyia kazi. Naye alikuwa wa ndani.

Rafiki yangu mmoja mwenye duka huniambia ninakuza mambo. Kofia ni kofia, asema. Hata kiti unachokalia hujui nani kakichonga. Ni kweli. Ila kiti changu hakina alizeti.

Sasa nifikie ile nguo. Mama huyu alikuwa na kazi nyingine ambayo haikuwa ya kuuza na haikuwa kofia. Niliiona kwa mara ya kwanza siku ya Idd, mwaka 1987, tulipoalikwa chakula cha mchana. Dirishani mwa ukumbi, upande wa magharibi, palikuwa na kitambaa kikubwa cheupe kilichoshonwa kwa vipande vya kitambaa cha kofia, kiasi cha pima moja na zaidi kwa upana. Nilikichukulia kuwa pazia, na watoto wa nyumba nao walikiita pazia. Tulikula, tukanywa kahawa. Ilipokaribia alasiri jua likashuka nyuma ya nyumba ya jirani na kupita katikati ya matundu, na ukutani, mbele yetu, pakatokea Ziwa Singidani.

Sijui niseme vipi bila kutia chumvi. Matundu madogo yalikuwa maji. Matundu marefu kidogo, yaliyosimama, yalikuwa miguu ya heroe, wale ndege wekundu wanaofuata chumvi ya ziwa letu, nao walikuwa wengi, wameinamisha shingo. Nyuma yao palikuwa na majabali ya Singida, yale mawe yaliyobebana kama magunia, na majabali hayakuwa na tundu hata moja. Yalikuwa kivuli kitupu, kitambaa kilichoachwa kizima, na kwa kuachwa kizima ndiyo yakawa mazito. Upande wa kulia palikuwa na mtu mmoja mdogo. Upepo ulipogusa kitambaa ziwa lote lilitikisika. Kwa robo saa hivi ilikuwa hivyo, kisha jua likapita na pazia likarudi kuwa pazia.

Mwenyewe alikuwa jikoni. Nilipomuuliza baadaye ameifanya kwa muda gani, alisema miaka tisa, kwa mabaki. Nikamuuliza yule mtu mdogo ni nani. Akasema ni mtu anayepita.

Nimeziona picha za wachoraji wetu katika kumbi za Dar es Salaam, na nimewapeleka wanafunzi Makumbusho ya Taifa. Nasema bila woga kwamba sijaona kazi iliyofikiriwa zaidi ya ile. Mtu aliyejua kwamba dirisha linatazama magharibi, kwamba jua la msimu fulani hufika pembe fulani, na kwamba ukuta wa mbele uko umbali fulani, akatoboa kitambaa tundu baada ya tundu kwa miaka tisa bila kuiona picha yenyewe mpaka siku alipoitundika, huyo hakuwa akipitisha wakati.

Alifariki mwaka 2009, miaka sita baada ya mumewe. Waliobaki ni mabinti wanne. Waligawana kwa amani, vyombo, mikeka, kanga, kitanda. Pazia lilikuwa moja, na hakuna aliyetaka kumnyima mwenzake kitu kilichotoka mkononi mwa mama yao. Wakalikunja mara mbili, na tena mara mbili, wakakata penye mikunjo.

Nilipoambiwa nilikaa chini. Mke wangu, ambaye ana busara kuniliko katika mambo ya misiba, aliniuliza kama ningependa wapigane. Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Walikata kwa haki, na kwa njia ya mama yao hasa. Hakuna aliyepata sentimita moja pungufu. Mwaka 2014 nilijaribu kuvikutanisha vile vipande ili vipigwe picha angalau mara moja. Kimoja kiko Tabora, kimefunika redio. Kimoja kiko hapa Singida, kimehifadhiwa ndani ya begi pamoja na vyeti. Kimoja kilikatwa tena kwa ajili ya wajukuu. Cha nne, chenye yule mtu mdogo, kilisafiri na mwenyewe hadi Muscat. Niliviweka viwili vya mwanzo ubavuni, dirishani kwangu, na heroe waliungana shingo vizuri, lakini dirisha langu linatazama kusini.

Msomaji ameona kwamba sijamtaja jina. Niliwauliza mabinti, na nilitaraji kwamba wangefurahi. Walizungumza kwa simu baina yao siku mbili, kisha mkubwa wao akaniletea jibu. Mama hakupenda jina lake litajwe barazani na wanaume asiowajua akiwa hai, kwa hiyo halitachapwa kitabuni akiwa amekufa. Nilibisha kidogo, kwa adabu. Nilisema mimi ninataka kuondoa dhuluma. Akaniambia, "Mwalimu, mama hakuwa amesahaulika. Sisi tunamjua. Ninyi ndio hamkumjua, na hilo ni lenu." Nimeliheshimu jibu hilo, ijapokuwa siafiki lote. Naona kuna mahali pa katikati, baina ya kutangazwa barazani na kuitwa "za ndani", na kwamba taifa linalojua majina ya wafungaji wote wa magoli lingeweza kulitafuta.

Lakini binti huyo hakuondoka hivi hivi. Aliomba zile kofia zangu mbili, akazigeuza ndani nje na kuniwekea kidole upande wa nyuma, kushoto kidogo ya mshono. Maua yote ya ukanda yana matundu sita kuzunguka kiini. Moja tu, pale, lina saba. Nilizivaa kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuliona. Akasema mama yake alifanya hivyo katika kila kofia tangu siku ya kwanza alipoanza kutunga ya kwake mwenyewe, na kwamba ndivyo yeye na wadogo zake walivyokuwa wakizitambua njiani, vichwani mwa watu, wakiwa wasichana, wakitembea nyuma yao.

Kofia hizo ziko nyingi. Zilikwenda Manyoni, Kiomboi, Itigi, Dodoma, Nzega, na nyingine zilisafiri na watumishi waliohamishwa hadi mikoa ambayo siijui. Mwenye kofia ya zamani iliyonunuliwa Singida kati ya miaka ya hamsini na ya tisini, hasa ile yenye weupe wa maziwa, aigeuze na kuitazama nyuma, kushoto kwa mshono, penye mwanga mzuri. Matundu ni madogo. Ni vyema ahesabu kwa ncha ya sindano.